« Nous allions » au « nous sommes allés »? Kipimo unacho tayari, kinaitwa -ka-

Swali la msomaji: «Mwalimu, naongoza watalii Arusha, na wageni wangu wengi ni Wafaransa na Wabelgiji. Miisho ya imparfait (lile umbo la «nilikuwa nafanya») naijua kama jina langu, lakini nikianza kusimulia safari ya jana nachanganyikiwa. Juzi nilimwambia mama mmoja mezani: « Hier, nous allions au cratère. » Akaniangalia, akasubiri. Nikanyamaza. Akasema: « Oui, et alors ? » Mimi nilikuwa nimemaliza sentensi! Kwani imparfait si wakati uliopita? Nitajuaje ni lini niitumie na ni lini nitumie passé composé (lile la «nilifanya»)? Nimekuandikia sentensi zangu sita unisahihishie: Hier, nous allions au cratère. Il a fait froid. Nous voyions un lion. Il a dormi sous un arbre. Les clients ont été contents. Soudain, il pleuvait et nous rentrions au lodge.»

Ndugu yangu, huyo mama hakukucheka wala hakukosa adabu. Amekusikia vizuri kabisa, na hilo ndilo tatizo. « Nous allions au cratère » kwenye sikio lake ni «Tulikuwa tunaenda kreta…». Hebu mtu akwambie hivyo kwa Kiswahili, halafu anyamaze. Wewe mwenyewe utasema: «Enhe, ikawaje?» Ndicho alichosema yeye. Umemfungulia mlango wa hadithi, ukamwacha amesimama kizingitini.

Tuanze na umbo, ingawa unasema unalijua, kwa sababu kuna sehemu moja ambayo watu wengi wanaoijua imparfait kwenye karatasi huipoteza mdomoni.

Unachukua kitenzi katika wakati uliopo, nafsi ya « nous », unakata -ons, unabandika -ais, -ais, -ait, -ions, -iez, -aient. Basi. Nous buvons, kwa hiyo je buvais. Nous finissons, kwa hiyo elle finissait. Nous prenons, ils prenaient. Kifaransa, ambacho kwa kawaida hakimwonei huruma mwanafunzi, hapa kimeacha kitenzi kimoja tu kilichopinda: être, kinachotumia ét- (j'étais, nous étions). Vile visivyo na « nous » kabisa unavikariri kama vilivyo: il fallait, il pleuvait. Kwenye manger unaacha e ili g isikwaruze (je mangeais), lakini nous mangions haina haja nayo. Commencer nayo ina ç kwenye je commençais na c ya kawaida kwenye nous commencions. Na ukiona « nous étudiions » yenye i mbili usidhani mchapaji amekosea. I moja ni ya étudier, ya pili ni ya mwisho.

Sasa mdomo. -ais, -ait na -aient hutamkwa sawasawa, kwa hiyo nafsi nne kati ya sita zinasikika kitu kimoja. Hiyo ni nafuu kwako. Shida iko kwingine: « je mangeais » na « j'ai mangé » zinatofautiana kwa irabu mbili nyembamba, na sisi Kiswahili chetu kina irabu tano tu, e ikiwa moja. E yetu ya «pete» iko karibu sana na ile ya -ais, kwa hiyo huko hutapata tabu. Lakini é ya mangé inataka taya lipande kidogo na midomo ivutike pembeni kama unayeanza kutabasamu. Na ile « je » ndiyo msiba wenyewe. Mswahili huitamka kwa e kamili, kama anavyosema «jembe», na Mfaransa akisikia e hiyo anasikia « j'ai ». Kwa hiyo unaweza kuwa umechagua wakati sahihi kichwani, ukatoka na mwingine mdomoni. Ile e ya « je » iwe hafifu, midomo ikiwa imeviringwa kidogo, kama sauti iliyokatwa kabla haijafika. Kwenye « je faisais », cha ajabu, hata ai ya kwanza hutamkwa hivyo hivyo kwa unyonge, si kama ai ya pili.

Kwa kupita tu: ukikutana na maandishi ya zamani yaliyoandikwa « il étoit » au « j'avois », ni imparfait hiyo hiyo. Miisho ya -ois iliandikwa kwa karne nyingi hata baada ya matamshi kubadilika. Voltaire alipigania -ais katika karne ya 18, na Académie française, taasisi ya lugha ya Kifaransa, ikaikubali kwenye kamusi yake ya mwaka 1835 tu. Wazee wa taasisi hawakuwa na haraka.

Haya, kiini cha swali lako.

Vitabu vingi vitakwambia imparfait ni ya mambo «yaliyodumu» au «yaliyoendelea», na passé composé ni ya mambo «yaliyokwisha». Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, na mwaka wangu wa kwanza niliandika kwenye insha « Quand j'ai été petit ». Nilijiona nina hoja: utoto wangu si umekwisha? Mwalimu akapiga mstari, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: «Ulikuwa mdogo kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi?» Niliudhika. Ilinichukua muda kuelewa kwamba swali lake lilikuwa somo zima. Utoto umekwisha, ndiyo, lakini ninapousimulia siuoni mwisho wake. Nimekaa ndani yake. Hiyo ndiyo imparfait: « Quand j'étais petit ».

Kumbe sisi tulio na Kiswahili hatuhitaji kuhangaika na «kudumu» na «kwisha». Tuna kitu ambacho Mfaransa hana: -ka-. Fikiria unavyosimulia: «Tulikwenda kreta, tukashuka bondeni, tukamwona simba, akaamka, akatutazama, tukarudi.» Kila -ka- inasukuma hadithi hatua moja mbele. Kitenzi kinachoweza kuingia kwenye mnyororo huo bila kubadilika maana, Mfaransa anakitia kwenye passé composé. Kitenzi kinachogoma, yaani ukikitia -ka- kinageuka kuwa jambo lingine, hicho ni imparfait.

Jaribu. «Kulikuwa na baridi.» Ukisema «kukawa na baridi», umebadilisha habari: sasa baridi imeingia ghafla, imekuwa tukio. Wewe ulitaka kusema tu hali ya hewa ilivyokuwa mkiwa kule juu. Kwa hiyo: il faisait froid.

Na kipimo hiki kinakwenda mbali kuliko nilivyotarajia nilipoanza kukitumia. Chukua vile vitenzi ambavyo walimu husema «vinabadilika maana» katika Kifaransa, wakakupa orodha ya kukariri. «Nilikuwa najua» ni je savais. «Nikajua» ni j'ai su, yaani nilipata habari. «Alikuwa anaogopa» ni il avait peur. «Akaogopa» ni il a eu peur, tembo alipopiga kelele. «Kulikuwa na ajali nyingi barabara ile» ni il y avait beaucoup d'accidents. «Kukawa na ajali» ni il y a eu un accident. «Nilikuwa siwezi kulala» ni je ne pouvais pas dormir. «Sikuweza kufungua geti» (nilijaribu, likagoma) ni je n'ai pas pu ouvrir. Hakuna cha kukariri hapo. Unajua tofauti hiyo tangu ulipokuwa unasikiliza hadithi za bibi.

Na kwa kuwa nimetaja hadithi: «Hapo zamani za kale alikuwepo sultani mmoja» kwa Kifaransa huanza « Il était une fois un roi », imparfait, na msimulizi akikaa hapo hapo kwenye imparfait (alikuwa na mabinti watatu, alikuwa anaishi peke yake) hakuna kilichotokea bado. Siku moja, sasa: un jour. Hapo ndipo -ka- zinapoanza.

Turudi kwenye sentensi zako.

« Nous allions au cratère » tumeshaiona. Tulikwenda, tukafika: nous sommes allés au cratère. Unaweza kuibakiza nous allions ikiwa kuna jambo lililowapata njiani: nous allions au cratère quand le pneu a crevé. Hapo mama asingekuuliza « et alors », pancha ingejibu.

« Nous voyions un lion » kwa Kifaransa inachekesha kidogo, kana kwamba simba alikuwa anaonekana na kupotea kwenye ukungu. «Tukamwona simba»: nous avons vu un lion.

« Il a dormi sous un arbre. » Hii ndiyo ninayotaka tukae nayo, kwa sababu kosa lako lina sababu nzuri. Kwa Kiswahili hukusema «alilala», ulisema kichwani «alikuwa amelala». Ukaona -me-, ukaona kitu kilichotimia, ukakimbilia passé composé. (Wengine huona «alikuwa ame-» wakakimbilia plus-que-parfait, umbo la jambo lililokwisha kabla ya jingine, il avait dormi, wakamwamsha simba kabla watalii hawajafika.) Lakini kuna kundi la vitenzi vyetu ambavyo -me- haielezi kitendo kilichokwisha, inaeleza hali aliyomo mtu sasa hivi: amelala, amekaa, amesimama, amevaa, ameshika, amechoka, ameshiba, amelewa. Ukiirudisha hali hiyo nyuma kwa «alikuwa», Kifaransa kinataka imparfait: alikuwa amelala, il dormait, alikuwa amekaa, il était assis, alikuwa amevaa kofia, il portait un chapeau, alikuwa ameshika kamera, elle tenait un appareil photo, walikuwa wamechoka, ils étaient fatigués. Lakini «alikuwa amekula» haimo kundini, kula ni kitendo, kwa hiyo il avait mangé. Ukitaka kujua kitenzi kiko upande gani, uliza «yukoje?» badala ya «amefanya nini?». Simba yukoje? Amelala. Il dormait sous un arbre.

« Les clients ont été contents. » Si kosa, usikatazwe. Ni «wakafurahi»: walimwona simba, furaha ikawapata. Ukitaka «walikuwa na furaha» muda wote kwenye gari, sema étaient contents. Mimi hapo ningekuachia uchague, maana wewe ndiye uliyekuwa nao.

« Soudain, il pleuvait » inajipinga yenyewe. « Soudain » ni neno la -ka-. Mvua ikaanza kunyesha, tukarudi: soudain, il s'est mis à pleuvoir et nous sommes rentrés au lodge.

Jambo moja la kazini kwako litakusaidia kushika tofauti hii zaidi ya jedwali lolote. Ukiwa Serengeti kaskazini, nyumbu wanapovuka mto Mara, ukisema « le gnou a traversé la rivière », nyumbu kafika ng'ambo, anajikung'uta maji. Ukisema « le gnou traversait la rivière », yuko katikati ya maji, na mamba bado ana nafasi yake. Wageni wako watasikia tofauti hiyo na kushika pumzi.

Na ukifika Olduvai, unaposimulia habari ya fuvu la zamadamu ambalo Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale na mke wa mtafiti mwenzake Louis, alilipata tarehe 17 Julai 1959, mpangilio ni huo huo: Ce jour-là, Louis Leakey était malade et se reposait au camp. Mary marchait dans la gorge. Elle a vu un morceau d'os. Louis mgonjwa, amepumzika, Mary anatembea, hiyo yote ni mandhari, hakuna kilichosogea. Kisha kipande cha mfupa kinaonekana, na hadithi inaanza kukimbia. Ila usishtuke ukiona kwenye gazeti au ubao wa makumbusho: « Le 17 juillet 1959, Mary Leakey découvrait un crâne à Olduvai. » Tarehe kamili, tukio moja, lakini wameweka imparfait. Ni madoido ya waandishi. Wanalisimamisha tukio kama picha ukutani. Unapaswa kuielewa, huna haja ya kuiiga mezani.

Sasa mitego. Wa kwanza ni muda. Wanafunzi hudhani jambo refu lazima liwe imparfait. Sivyo. Louis XIV alitawala miaka 72, na hata hivyo Mfaransa anasema Louis XIV a régné soixante-douze ans. Mara tu unapotaja idadi ya miaka, saa au mara, umepima jambo kutoka mwanzo mpaka mwisho, umelitazama kutoka nje. -ka- nayo inakubali: «tukasubiri saa nzima», nous avons attendu une heure, «nikampigia mara tatu», je l'ai appelé trois fois. Lakini tofautisha na « depuis »: nous attendions depuis une heure quand la lionne s'est levée. Saa moja ni ile ile, ila safari hii bado tuko ndani ya kusubiri simba jike anapoinuka. Mazoea yasiyohesabiwa hubaki imparfait: nilikuwa nampigia kila Jumapili, je l'appelais tous les dimanches.

Wa pili ni wa usemi wa taarifa, na hapa -ka- haitakusaidia. Kwa Kiswahili tunasema «dereva alisema chui yuko mtini», wakati uliopo unabaki mahali pake. Mfaransa anaurudisha nyuma pamoja na « a dit »: le chauffeur a dit que le léopard était dans l'arbre. Ukisema « est », wengi watakuelewa, lakini ni kama chui yuko pale hadi mnavyoongea. Ukweli usiobadilika unaweza kubaki katika wakati uliopo. Le guide a dit que le Kilimandjaro mesure 5 895 mètres, hakuna atakayelalamika.

Wa tatu ndio unaowaangusha hata waliosoma shule nzima kwa Kifaransa kule Bukavu na Bujumbura, na Wafaransa wenyewe wamo. «Ningekuwa na gari kubwa, ningechukua wageni kumi.» Sisi tunatia -nge- pande zote mbili, sawa kwa sawa. Ulimi wako utataka kufanya hivyo hivyo: si j'aurais… prendrais. Hapana. Baada ya « si » ni imparfait, upande wa pili ndio conditionnel, -nge- yao: si j'avais une grande voiture, je prendrais dix clients. Watoto wa shule Ufaransa hufundishwa msemo wa utani, les scies n'aiment pas les raies: misumeno haiwapendi taa, wale samaki bapa. Scie hutamkwa kama si, raies kama -rais. Ni upuuzi, ndiyo maana haisahauliki.

Kuna matumizi mawili ya imparfait ambayo si wakati uliopita kabisa, na yote mawili utayahitaji kesho asubuhi. La kwanza ni la adabu. Ukienda mapokezi usiseme « je veux une facture ». Sema « je voulais vous demander une facture ». Hili tunalo: «Nilikuwa naomba risiti.» Hakuna anayekuuliza ulikuwa unaomba lini. Sogeza ombi nyuma kidogo, lipungue makali.

La pili ni la kupendekeza, « si » peke yake na alama ya kuuliza mwishoni, bila upande wa pili. Geti linafunguliwa saa 12 asubuhi (six heures kwa saa zao, usije ukawaambia douze heures, watashuka mchana) na wewe unataka wageni watoke kitandani mapema bila kuwaamrisha. Unaweka kikombe chini, unasema kama wazo lililokujia sasa hivi:

« Et si on partait à cinq heures et demie, demain ? »